Pilau Nje ya Lango

Mimi ni mtu wa ratiba. Katika shule ninayofundisha hapa Malindi, ratiba ya vipindi huitengeneza mimi kila muhula, na mwalimu akija kuniomba nimhamishie kipindi chake cha Ijumaa mchana humtazama tu mpaka aondoke mwenyewe. Kwa hivyo mdogo wangu wa kiume alipopiga simu kutoka Nairobi kusema kwamba Desemba hii wanawe wamechoka na bahari, wanataka kupelekwa kwenye bustani ya michezo ya maji upande wa Kilifi, sikuuliza ni siku gani wala ni mbali kiasi gani. Niliuliza tutakuwa wangapi na nani anakula nini.

Tulikuwa tisa. Mimi na wanangu wawili, yeye na wanawe watatu, na mama yetu. Hao ni wanane, najua, wa tisa ni mimi tena, maana katika karatasi ya kwanza nilijihesabu mara mbili na sikugundua mpaka nilipokwisha kupima mchele. Hivyo ndivyo safari ilivyoanza. Mume wangu alikuwa safarini na wifi yangu alibaki Malindi na mtoto mchanga, kwa hivyo hapakuwa na mtu mzima mwingine wa kunirekebisha. Tungekaa siku mbili. Usiku tungelala katika nyumba ya kupanga karibu na Kuruwitu, na mchana tungekuwa bustanini.

Watoto hawakunipa shida katika mpango. Mtoto akiona njaa hulia, ukimpa hunyamaza. Aliyenikosesha usingizi ni Mama. Ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa sita sasa, na hudungwa sindano asubuhi na mchana kabla ya chakula. Anayemdunga ni mimi. Daktari alituweka kitako akatueleza taratibu: akishadungwa, ale ndani ya nusu saa, asipokula sukari itashuka, na ikishuka sana mtu huweza kuzimia asiamke. Nililiandika hilo juu kabisa ya karatasi kwa wino mwekundu na kulipigia mistari miwili. Mengine yote niliyapanga chini yake.

Alfajiri nilipika pilau ya kuku, nikakata kachumbari, nikaweka ndizi mbivu na juisi ya ukwaju. Ya Mama niliyatia peke yake katika kibakuli chenye kifuniko cha buluu: wali kidogo, mchicha wa nazi, kipande cha samaki wa kukaanga. Nilipima kwa kikombe. Mama alisimama mlangoni akanitazama, kisha akasema, "Na akitokea mtu?"

"Atokee wapi, Mama? Tunakwenda kwenye michezo."

"Haya," akasema.

Tulipofika, ratiba yangu haikudumu hata dakika kumi. Langoni palikuwa na kijana wa kike mwenye tabasamu, akafunua kapu langu, akafunika, akasema chakula cha kutoka nje hakiingii. Ndani kuna mkahawa. Nikamwambia nina mgonjwa. Akasema pole sana, dawa inaingia, chakula hakiingii. Nikamuuliza dawa itafanya kazi gani bila chakula. Akatabasamu tena. Mdogo wangu akasema basi tule humo humo mkahawani, yaishe. Mimi na hotipoti mbili za pilau mkononi! Nilimtazama yeye pia.

Jawabu tulilipata kwa Mama. Aliingia nasi, akaketi nusu saa kwenye kiti cha plastiki kando ya kidimbwi, muziki ukimpigia masikioni na watu wazima wakipita mbele yake wakiwa nusu uchi. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake tu. Kisha akasema yeye atatoka akakae na chakula kule kwenye uwanja wa magari, kuna mwarobaini na upepo. Nilitandika mkeka kando ya gari letu, nikampangia hotipoti, mito na chupa ya maji. Alionekana amefurahi. Alivua viatu akanyoosha miguu.

Nikaandika ratiba ya pili juu ya boneti. Bangili za karatasi walizotufunga zinaruhusu kutoka na kurudi, kwa hivyo tutakula kwa zamu. Saa sita kasorobo nitatoka mimi peke yangu kumdunga Mama sindano. Kisha nitarudi ndani kumpokea mdogo wangu wanangu wawili, ambao ndio wadogo, naye atoke na wanawe watatu wakubwa. Hao ndio zamu ya kwanza, na Mama atakula nao saa sita kamili. Zamu ya pili ni mimi na wadogo, saa saba. Kisha watu wote walale chini ya mti mpaka saa tisa, jua likipungua turudi majini. Mwana mkubwa wa mdogo wangu aliuliza, "Shangazi, kulala? Mchana?" Nikamwambia ndiyo, mchana, ndiyo maana ya likizo. Watoto wa Nairobi hutazama usingizi wa mchana kana kwamba ni adhabu.

Saa sita kasorobo nilikuwa nje. Nikamdunga Mama, nikafunga sindano, nikamwekea kibakuli chake mbele na kijiko juu yake. Nikamwambia wanakuja sasa hivi. Nilipenda sana mambo yalivyokuwa yakienda. Nikarudi ndani nikamkuta mdogo wangu chini ya ngazi ya ule mtelezo mrefu, wanawe wakiwa katikati ya ngazi, foleni juu yao na foleni chini yao, hawawezi kupanda wala kushuka. Nikawachukua wadogo, nikampigia kelele, "Mama anasubiri!" Akainua mkono. Mimi nikauchukua ule mkono kuwa jawabu.

Sasa hapa ndipo kichwa changu kinapochanganyika kila nikikumbuka. Nilikuwa na karatasi mkononi, nimeiviringisha ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Kila jambo likipita nililiwekea alama ya vema. Ilipofika saa sita na robo nikaitoa, nikaweka alama mbele ya "Mama ale". Sikuwa nimemuona akila. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji ya magoti, namshika mtoto mkono, na nikaweka alama. Hata leo sijui ni nani aliyekuwa akiishika ile kalamu.

Mdogo wangu hakutoka saa sita. Alitoka saa sita na nusu. Na sisi hatukutoka saa saba, maana binti yangu mdogo alipoteza ndara, tukaitafuta chini ya kila kiti, na ilipopatikana yule mwenzake akawa ameingia tena majini. Tulipishana na zamu ya kwanza langoni, saa saba na nusu, wao wakirudi na midomo inang'aa mafuta.

"Mama je?" nikamuuliza.

"Yuko na wageni wake," akasema akicheka, akavutwa na wanawe.

Wageni? Neno hilo likanipanda kichwani, na swali nililotaka kuuliza likapotea.

Nilikuta mkekani watu watatu wanainuka, wananawa mikono. Mlinzi wa magari, mtu wa makamo mwenye kofia ya kazi iliyomzidi. Mama mmoja mfagiaji. Na dereva wa basi lililoleta wanafunzi. Walinishukuru kana kwamba nimewaalika mimi. Mlinzi alikuwa amekwisha kujulikana kwao: ni mtu wa Jilore, na Mama alikuwa ameshamuuliza habari za mvua, mahindi na shamba. Hotipoti ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na pilau ya kutosha watoto wawili wadogo, na ukoko. Kibakuli cha kifuniko cha buluu kilikuwa tupu, kimeoshwa, kimefunikwa juu ya mkeka.

Lazima niseme hapa, kwa asiyezaliwa pwani, kwamba kwetu mtu akipita mkila humwiti kwa adabu tu. Unamwambia karibu, naye akikaribia mnasogea. Mama amelelewa hivyo, nami nimelelewa hivyo, na laiti tungekuwa nyumbani ningesogea na mimi. Lakini nilikuwa na njaa, jua lilikuwa utosini, na nilikuwa nimepima kwa kikombe. Hata hawajafika mbali nikaanza.

"Mama, nilipima! Hiki ni chakula cha watu na zamu zao. Hapa si barazani kwetu."

"Mgeni njoo mwenyeji apone, mwanangu. Wangepita vipi hivi hivi nao wanatuona?"

"Hawa si wageni, ni watu walio kazini mwao. Na watoto wale nini? Wewe chako umekula, basi vya wenzio ungeviacha."

Nilisema hivyo. Wewe chako umekula. Niliyasema maneno hayo kwa mama yangu, mbele ya watoto, na wale watu wakinisikia.

Mama alinitazama kidogo. Kisha akachukua sahani mbili, akapakua pilau yote iliyobaki, akawapa watoto, akasema, "Haya, mwanangu. Nimekosa." Mimi nikala ndizi moja kwa hasira, nikanywa maji.

Saa nane kasorobo niliwalaza watoto. Hawakulala, walijilaza macho yakiwa wazi, wanatazama majani. Mama alikuwa ameegemea gurudumu la gari. Jasho lilikuwa likimtoka usoni, nikafikiri ni joto, nikamwambia alegeze mtandio. Hakuugusa. Alikuwa ameshika pindo la leso yake, analikunja, analikunjua, analikunja. Nikajua amenuna. Nikajiambia, muache, akipoa nitamwomba radhi.

Kisha akasema, "Shikamoo."

Nikageuka nyuma. Nilidhani amekuja mtu, mzee fulani. Nyuma yangu palikuwa na gari letu tu. Nikamgeukia Mama, naye alikuwa akinitazama mimi, uso umeinama kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema tena.

Nilifikiri ananikejeli. Nimemkaripia kama mtoto, sasa na yeye ananisalimu kama mtoto anavyomsalimu mkubwa wake. Damu ikanichemka upya. "Mama, usinifanyie hivyo, watoto wanasikia."

"Wageni wameshakula," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sauti ya msichana. "Vyombo nimeosha. Nikwangue ukoko?"

Binti yangu aliinuka akakaa. "Mama, Bibi anaongea na nani?" Nilitambaa mpaka alipo, nikamshika mkono. Mkono ulikuwa baridi, umelowa, unatetemeka. Nikatazama kibakuli kile kilichooshwa. Kilikuwa tupu, maana yake amekula. Ikiwa amekula, basi hii si sukari. Ikiwa si sukari ni nini? Nilikuwa nikiuliza haya kwa sauti, nadhani, kwa sababu mlinzi alikuja mbio kutoka kwenye kibanda chake.

"Mama huyu hajala," akasema.

"Amekula. Kibakuli hiki hapa."

"Kile alinipa mimi. Mimi ndiye wa kwanza kupita. Nilimwambia, mama, ule nawe, akaniambia yeye anawangoja wanawe, watakula pamoja. Wenzangu walipokuja akawapa pilau. Nilikuwa hapa muda wote. Hajatia kitu kinywani tangu ulipomdunga ile sindano."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu alifika akakuta kibakuli tupu akajua Mama ameshakula. Mimi nilifika nikakuta kibakuli tupu nikajua Mama amekula na zamu ya kwanza. Na yeye alikuwa akingoja, kwanza wageni, kisha mwanawe, kisha mimi, nami nikafika nikamwambia chake ameshakula. Baada ya hapo angefungua kinywa aseme nini?

Nilimpigia mdogo wangu simu, haikushikwa, simu yake ilikuwa ndani ya kabati la nguo. Mlinzi akakimbia kumtafuta. Nikaivamia juisi ya ukwaju, nikamimina kikombeni, dereva wa basi akaniletea sukari yake ya chai, nikaikoroga humo, vijiko sijui vingapi, nikampelekea Mama mdomoni. Akaufumba mdomo. Nikasogeza tena, akageuza uso, kwa heshima, kama anavyokataa mtu aliyepewa zaidi ya haki yake.

"Kunywa, Mama. Tafadhali kunywa."

"Bado hujaniambia," akasema.

"Nimekwambia. Kunywa!"

"Umekasirika," akasema. "Sitakula umekasirika, mama."

Hapo ndipo nilipofahamu anaongea na nani. Mama aliolewa akiwa msichana mdogo, akapelekwa Mambrui, kwenye nyumba ya mzaa baba yangu. Bibi huyo alikufa mimi nikiwa na miaka minne, simkumbuki. Ninachojua ni kile ninachoambiwa na jamaa kila harusi: kwamba uso wangu ni wake, na nikikasirika hata sauti ni yake. Nimekuwa nikifurahia kusikia hivyo maisha yangu yote. Walikuwa wakisema alikuwa mwanamke wa mpango, nyumbani mwake haikupotea hata punje. Jinsi mkamwana alivyokula katika nyumba hiyo, kwamba alikula mwisho, baada ya wote, na mpaka aambiwe, hayo sikuwahi kuambiwa na mtu. Mama mwenyewe hajawahi kunitajia hata siku moja. Nilikuwa nayasikia sasa hivi, kwenye uwanja wa magari, na muziki wa watoto ukivuma nyuma ya ukuta.

Macho yake yalikuwa yanaanza kupotea, yanapanda juu. Nilimtikisa bega. Nikamwambia mimi ni mwanao, Mama, mimi ni mwanao wa kwanza, tazama. Akatabasamu kidogo, tabasamu la kumridhisha mtu, na mdomo ukabaki umefumbwa. Kila nilivyozidi kumsihi kwa ukali ndivyo alivyozidi kuwa mbali. Na mimi sina sauti nyingine, hii ndiyo niliyo nayo.

Kwa mara ya tatu akasema, "Shikamoo."

Kwetu salamu hiyo hupanda, haishuki. Sijui mtoto yeyote aliyewahi kuiitikia kwa mzazi wake. Nikawatazama wanangu, wakanitazama. Nikaketi sawasawa, nikajikaza.

"Marahaba," nikasema. "Umefanya kazi vizuri. Haya, na wewe kula sasa."

Akafungua mdomo mara moja. Akanywa. Alikunywa funda baada ya funda, mikono yote miwili imeshika kikombe, macho yameinamia chini, na alipomaliza akakirudisha kwangu kwa mkono wa kulia akasema ahsante. Nikammiminia kingine. Nikamkwangulia ukoko, nikamlisha kwa mkono wangu, akautafuna.

Baada ya kama robo saa jasho lilikauka. Akautengeneza mtandio wake, akatazama huku na huku, akaniuliza mbona nalia, na kama watoto wamelala. Sauti ilikuwa yake. Mlinzi alikuwa amerudi na mdogo wangu, naye mdogo wangu amelowa chapachapa, hana viatu, anatweta. Tulimpeleka Mama zahanati iliyo karibu, muuguzi akampima akasema sukari imeshapanda, yuko salama, akatukaripia sote wawili na alikuwa na haki. Hakuna aliyerudi majini siku hiyo. Tulikwenda kwenye ile nyumba ya Kuruwitu, Mama akalala mpaka magharibi.

Nilimwomba radhi alipoamka, kwa yale maneno ya mkekani. Akasema ameshasahau. Kuhusu mengine hakuuliza, nami naamini kweli hakumbuki, ingawa siku nyingine, nikimwekea sahani na yeye akanyanyua macho kunitazama kabla ya kushika kijiko, sina hakika tena na lolote.

Mdogo wangu ndiye aliyeniuliza, tukiwa wawili uani. Watoto walikuwa wamemwambia Bibi alizungumza maneno mengi. Alikuwa akisema nini? Nikamwambia alikuwa akiomba maji. Sikuweza kumwambia kwamba mama yetu alikuwa akiomba ruhusa ya kula, na kwamba aliyekuwa akiombwa ni mimi.